Uzito wa Vigae

Joha alipobonyeza kitufe cha kupiga hesabu, kenchi nzima, zile mbao zilizoungwa kubeba paa, iligeuka nyekundu kwenye kioo cha kompyuta.

Hakushtuka papo hapo. Mtu aliyezoea mashine hushuku kidole chake kwanza, naye alidhani ameongeza sifuri mahali. Alirudi nyuma akasoma alichoandika: upana wa kutoka ukuta hadi ukuta, unene wa mbao, uzito wa vigae. Kila kitu kilikuwa sawa. Akabonyeza tena. Mbao zikawa nyekundu tena, ile ndefu ya chini na zile fupi za katikati, na katika programu ile rangi nyekundu ilikuwa na maana moja tu: mbao imebebeshwa mzigo kupita nguvu zake.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, mwezi wa Januari, mwaka ule wa mvua za Elinino. Dodoma, mji ambao watu wake huitazama mbingu mwaka mzima wakisubiri tone, ulikuwa umelowa hadi umechoka. Reli ilikuwa imekatika upande wa mashariki, na kuta za nyumba za udongo zilikuwa zinaporomoka mitaani kama mikate iliyoloweshwa chai.

Kazi iliyokuwa mbele ya Joha ilikuwa bweni la shule moja ya Mkonze. Ili asianze upya alikuwa ameinakili faili ya bweni la Kongwa, kazi yake kubwa ya kwanza, akabadilisha kitu kimoja tu. Palipoandikwa bati, aliandika vigae.

Alikaa akilitazama neno hilo.

Bweni la Kongwa nalo lilikuwa limeezekwa vigae.

Akaifungua faili ya Kongwa. Mashine ilikuwa nzito, ikanguruma muda mrefu kabla ya kuonyesha chochote, na katika muda ule Joha alimwomba Mungu neno la vigae liwe limeandikwa mule, awe aliliandika akasahau. Ukurasa ukafunguka. Ulisema bati. Kenchi zote zilikuwa za kijani, nzuri, nyembamba, hazina wasiwasi wowote.

Alikuwa binti wa Busi, kule Kondoa, wa kwanza katika ukoo wao kusomea usanifu wa majengo. Alipotoka chuoni Dar es Salaam alitegemea kuajiriwa na shirika la umma kama waliomtangulia, lakini alikuta mashirika yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa Mzee Batholomeo, msanifu wa siku nyingi. Wenzake walichukua viinua mgongo vyao wakanunua mashine za kusaga. Yeye alinunua kompyuta na mashine ya kuchapia ramani, akapanga vyumba viwili ghorofani karibu na stesheni, akamwajiri Joha kwa sababu yeye mwenyewe hakujua hata pa kuiwashia. Wateja walipokuja aliwapeleka kwanza mbele ya kioo. "Mkono huchoka," aliwaambia. "Mashine haichoki."

Joha alilichora bweni la Kongwa kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua. Alitaka ukumbi mpana wa kulala usio na nguzo katikati, wasichana waone dari lote likiwafunika kwa mara moja. Programu ya hesabu ilimruhusu kujaribu kenchi moja baada ya nyingine, kupunguza mbao hapa, kuongeza pale, mpaka akapata kenchi nyepesi kuliko zote alizowahi kuziona, na bado ikabaki ya kijani. Mhandisi aliyekuwa akishirikiana na ofisi yao alizipitia hesabu zile akazikubali. Zilikuwa hesabu za bati.

Kisha, kuta zikiwa zimeshafika kwenye linta, juu ya madirisha, mkuu wa shule, Mwalimu Gladness, alikuja ofisini akaomba vigae. Bati huchoma mchana, alisema, na mvua ikinyesha mtoto hamsikii hata anayesali naye. Kulikuwa na kikundi palepale Kongwa kinachofyatua vigae vya saruji. Joha alibadilisha ramani siku ileile. Mistari ya bati ikawa mistari ya vigae, kazi isiyomaliza hata kikombe cha chai. Mzee Batholomeo alipoletewa karatasi asaini, aliuliza, "Na kenchi zake?"

"Kompyuta ilishazipiga, mzee," Joha alijibu.

Hakuwa amedanganya, na hilo ndilo lililomuuma sasa. Kompyuta ilikuwa imezipiga kweli. Hakuna aliyeirudia kuiambia kwamba mzigo umebadilika.

Alimkuta mzee chumba cha pili akisoma gazeti. Alimweleza kwa maneno machache, maana mengi yalikataa kutoka. Mzee Batholomeo aliivua miwani yake akaishika mkononi.

"Bweni lile limesimama tangu Novemba," alisema. "Lingekuwa la kuanguka, lingeanguka siku lilipoezekwa."

"Siku ile lilikuwa kavu, mzee. Vigae vya saruji vinakunywa maji."

"Huenda hiyo kompyuta imekosea."

Joha hakuwahi kumsikia akiisema vibaya mashine ile. "Haijakosea. Imejibu nilichoiuliza. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya."

Vidole vya mzee vilianza kugonga meza, vikaacha, vikaanza tena. "Mhandisi yuko safarini, anarudi Jumatatu. Tumsubiri aangalie. Ukipiga mbiu leo halafu ikawa si kweli, hakuna mtu mkoa huu atakayetupa hata choo tumchoree. Kaa chini, mwanangu."

"Na ikiwa kweli?"

Mzee aliitazama mvua dirishani, na Joha akaona kwamba naye anaogopa, ila anaogopa kitu kingine.

Alijaribu simu ya shule. Haikulia hata kidogo. Laini za upande wa Kongwa zilikuwa zimelala na nguzo zake. Akachukua tochi kwenye droo, akajitanda mtandio, akasimama mlangoni. "Naenda Kongwa, mzee."

Mzee Batholomeo hakumwambia nenda wala usiende.

Basi la Morogoro lilimshusha Mbande, na kutoka pale alipata nafasi mbele ya pikapu ya mfanyabiashara wa chumvi. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Alizungumzia bei ya mahindi na madaraja yaliyozolewa, na Joha aliitikia "ndiyo" na "kweli" bila kusikia. Macho yake yalikuwa kwenye maji yanayotiririka kiooni. Kila tone aliliona likipenya kwenye kigae.

Alijua paa lililolowa. Utotoni Busi, shangazi yake Mwamvua alikaa kwenye tembe, nyumba ya zamani ya paa bapa la udongo juu ya magogo. Mwaka mmoja mvua ilizidi, na jioni moja, watu wakiwa wanakula, vumbi jembamba lilianza kudondoka kwenye ugali. Vumbi kavu, wakati nje kila kitu ni matope. Shangazi alilitazama, akawashika watoto mikono akawatoa nje bila kusema neno. Paa lilikuja chini wakiwa uani. Mbuzi watatu walikuwa bado ndani. Joha alikuwa amesahau mengi ya utoto, lakini ile sauti ya mbuzi hakuisahau. Alikwenda kusoma usanifu ili ajenge nyumba zisizofanya vile.

Alipofika shuleni mvua ilikuwa inakatika. Bweni lilisimama upande wa pili wa uwanja, paa lake la vigae limekoza kwa maji, zuri kuliko lilivyokuwa kwenye ramani. Alisimama akiutazama mstari wa juu wa paa. Ulikuwa umenyooka, au ulikuwa umelegea kidogo katikati? Hofu ilimnyima macho ya kuamua.

Mwalimu Gladness alimpokea ofisini kwa mikono miwili. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya watu waliozoea kusikilizwa. "Karibu, karibu. Umekuja kuona kazi yako? Watoto wameshahamia. Lile bweni la zamani liliingia maji wiki ya kwanza tu, nikasema potelea mbali, hatusubiri ufunguzi."

"Wamo ndani sasa hivi?"

"Wamo, ni saa ya mapumziko." Akamtazama vizuri. "Mbona hivyo? Kuna msiba?"

Joha alimwambia. Alisema kila kitu alivyokisema kwa mzee, ila safari hii alianza na lililokuwa gumu zaidi: kwamba kosa ni lake, si la fundi wala la vigae.

Mwalimu Gladness alikaa kitini taratibu. "Bwana Batholomeo amekutuma?"

"Hapana, mwalimu. Alisema nisubiri Jumatatu."

"Kwa hiyo mkubwa wako anasema tusubiri, na wewe mtoto mdogo unasema nyumba inaanguka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. "Nikiwatoa, nawapeleka wapi? Madarasa yanavuja. Unajua mimi ndiye niliyeomba vigae?"

"Najua. Ungeomba hata mawe, kazi ya kupima ilikuwa yangu."

Mwalimu aliinuka akajifunga kitenge vizuri. "Twende tukaone kwanza."

Walimpitia Yotham, fundi mkuu, aliyekuwa bado pale akijenga jiko la shule. Alikuwa Mgogo wa Kongwa, mrefu, mpole wa kusalimia. "Mbukwa, dada," alisema, kisha alipoelezwa uso wake ukafunga. "Nimejenga kama ramani ilivyosema. Kila mbao. Mje na futi mpime."

"Najua ulijenga sawa, kaka Yotham. Ndiyo maana naogopa."

Ndani ya bweni wasichana walikuwa wamejilaza, wengine wakisukana nywele, wengine wakisoma. Waliinuka kwa kishindo. "Shikamoo mwalimu." Joha aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa darini. Vitanda vya deki vilikuwa vimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake dari jeupe lisilo na nguzo hata moja, kama alivyotaka.

Yotham aliweka ngazi chini ya tundu la dari. Joha alipanda. Alisimama kila baada ya kidato, akisikiliza. Alipotoa kichwa upande wa juu alikutana na joto na harufu ya mbao mbichi, na giza. Akawasha tochi.

Kwanza aliona kazi yake. Kenchi zilifuatana hadi mwisho wa jengo, moja nyuma ya nyingine, sawasawa na zilivyokuwa kwenye kioo. Kisha akaimulika ile ya katikati. Mbao yake ndefu ya chini ilikuwa imejikunja kuelekea kwenye dari, na pale ilipoungwa, chini ya misumari, palikuwa na mstari mweupe. Mbao yote ilikuwa ya kahawia kwa dawa ya mchwa. Mstari ule ulikuwa mweupe kwa sababu ulipasuka jana au leo.

Akiwa bado anautazama, mbao ikalia. Haikuwa sauti kubwa. Ililia kama kiti anachokikalia mtu mzito.

Joha alishindwa kushuka. Mikono ilishika ukingo wa tundu ikakataa kuachia. Alijua kwamba chini yake kuna watoto, kwamba kila nukta anayobaki pale ni ya kwao, na bado mikono ilikataa. Kilichomfungua ni sauti nyembamba kutoka chini, ya msichana wa kidato cha kwanza aliyeitwa Mwajabu.

"Mwalimu, kitandani kwangu kunadondoka vumbi. Tangu asubuhi. Nikikung'uta linarudi."

Joha alishuka ngazi bila kujua ameshukaje. Alimtazama Mwalimu Gladness usoni. Joha alisogea sikioni mwake. "Wasikimbie," alinong'ona. "Wasiruke kutoka vitanda vya juu. Wasibebe chochote."

Mwalimu Gladness alivuta pumzi. Kisha, kwa sauti yake ya kila siku, akasema, "Haya, mabinti. Leo uji umewahi, na una sukari. Kila mtu ashuke taratibu kama mtu mwenye adabu, aende bwaloni. Nitakayemwona anasukumana hanywi."

Walitoka wakicheka. Walitoka kwa mstari mrefu usioisha, kandambili zikipiga sakafu, na Joha alisimama karibu na mlango akihesabu vichwa bila kuzipata hesabu. Mmoja alirudi kutafuta daftari, Yotham akamgeuza kwa bega. Wa mwisho alipotoka, mwalimu alifunga mlango kwa ufunguo na kuutia kifuani, kisha akashika ukuta.

"Hakuna sukari," alisema. "Sasa itabidi niitafute."

Siku iliyofuata jua lilitoka.

Wasichana walikuwa wamelala kwenye sakafu za madarasa, juu ya majamvi, na wengi waliamka wakikohoa. Bweni lilisimama pale likifuka mvuke kwenye jua, zima kabisa. Joha, aliyelazwa chumbani kwa mwalimu bila kupata lepe la usingizi, alilitazama akahisi hofu ya namna nyingine ikichipua chini ya ile ya kwanza. Na lisipoanguka? Angekuwa msichana aliyekuja na mvua akawatia watu wazima kiwewe kwa ajili ya rangi nyekundu. Kwa kitambo kidogo alijikuta anatamani lianguke, lianguke pale pale wote wakiliona. Alipotambua anachokitamani aliligeuzia bweni mgongo, akaenda nyuma ya jiko.

Mchana alifika mwenyekiti wa bodi, Mzee Eliakimu. Alikuwa bwana mifugo wa ranchi kabla ya kustaafu, mzee mkavu mwenye fimbo na kofia ya pama, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wazazi wajenge shule yao wenyewe. Alisikiliza maelezo akiwa amesimama.

"Bweni halina hata ufa ukutani," alisema. "Nani amesema linaanguka?"

"Kompyuta ndiyo iliyonionyesha, mzee," Joha alisema, "na kenchi nimeiona kwa macho yangu. Imepasuka."

"Mbao hupasuka. Kila mbao ina ufa." Akamnyoshea Mwalimu Gladness mkono. "Ufunguo."

"Mwenyekiti, tafadhali..."

"Mwalimu, ufunguo."

Alifungua mlango, akaingia, akatembea hadi katikati ya bweni, akakaa kwenye kitanda cha chini. Aliweka kofia kwenye goti. "Nimekaa," alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Nitakaa hapa mpaka watoto warudi. Likiniangukia mtajua binti alisema kweli."

Upande wa Mpwapwa mawingu yalikuwa yanarudi. Matone ya kwanza yaligonga vigae, na mule ndani hayakusikika, kama Mwalimu Gladness alivyotaka.

Yotham alisema, "Mimi siingii." Mwalimu Gladness aliita jina la mzee, akaita tena. Joha alisubiri mtu mwingine afanye jambo. Alisubiri kwa dhati. Kisha akaona miguu yake mwenyewe inavuka kizingiti.

Kutoka mlangoni hadi kile kitanda palikuwa mbali kuliko alivyowahi kupima. Hakutazama juu. Alipofika hakukaa; alichutama mbele ya mzee kama anayemsalimia mtu mkubwa nyumbani kwao.

"Mzee, mimi ndiye niliyechora. Vigae vilipokuja sikurudia hesabu. Niliulizwa, nikajibu kwa majivuno. Ukifa humu hutakuwa umeithibitisha nyumba. Utakuwa umefia uzembe wangu, na mimi nitakuwa nimefia hapa pembeni yako, maana sitatoka bila wewe." Meno yake yalikuwa yanagongana, akayabana. "Na naogopa sana. Naomba tutoke."

Mzee Eliakimu aliitazama mikono ya Joha. Ilikuwa inatetemeka hadi mtandio ulikuwa unatikisika. Aliitazama muda mrefu. Juu yao mbao ililia, ile sauti ya kiti, na safari hii mzee aliinua uso darini.

"Nimewahi kumwona ng'ombe akitetemeka hivyo," alisema polepole. "Hakuwa anasingizia." Akachukua kofia yake. "Nishike mkono, mguu huu una ganzi."

Walitoka pamoja, hatua kwa hatua, kwenye mvua.

Walikubaliana kuweka mirunda, nguzo za miti za kuegemeza kenchi kutoka chini, kabla ya mtu yeyote kugusa kigae. Yotham alitaka kuanza kwa kuvua vigae ili kupunguza mzigo. Joha alikataa, kwa kuwa watu wakipanda juu wanaongeza uzito wao. Alichora ardhini kwa kijiti mahali pa kila mrunda. Hakuwa na mashine wala hesabu ya kumwambia kama inatosha. Alikuwa na kichwa chake tu, ambacho hakukiamini tena.

Jumamosi asubuhi waliingia. Joha aliingia nao. Yotham alimwambia abaki nje, naye akasema hawezi kuwasimamisha watu chini ya kosa lake yeye akiwa juani. Waliusimamisha mrunda wa kwanza, wa pili, wakaenda hivyo kuelekea katikati, wakiongea kwa minong'ono kama walio kwenye nyumba ya mgonjwa. Mafundi walikuwa wanatoka jasho kuliko kazi yenyewe ilivyodai.

Walikuwa wameshaitegemeza kenchi ile ya katikati upande mmoja, na fundi mmoja, Nikodemo, amesimama juu ya benchi akigongea kabari upande wa pili, ilipokatika.

Ilipiga kama bunduki. Dari lilipasuka kwa urefu, na Joha aliona mbao yake, ile aliyoichora, ikishuka kichwa chini ikaja kukaa juu ya mirunda kwa kishindo kilichotetemesha sakafu. Mirunda ililia, ikainama, ikashika. Upande wa Nikodemo vigae vilimwagika kupitia kwenye dari kama mawe kutoka kwenye tela, kisha vumbi likajaa kila mahali, na mtu akaanza kupiga kelele mulemule ndani yake.

Walimtoa Nikodemo kwa kumburuta. Bega lilikuwa limevunjika na sikio moja limechanika, lakini alikuwa hai, akimtukana kila mtu kwa Kigogo. Yotham aliwahesabu watu wake uani, akimshika kila mmoja kifuani. Wote walikuwepo. Mzee Eliakimu, aliyekuwa kwenye kiti kivulini, alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

Joha alikaa kwenye matope. Kupitia mlangoni aliweza kuona kitanda kilichokuwa chini ya pale paa lilipofunguka. Kilikuwa na shuka la maua, na juu yake rundo la vigae lililofika deki ya juu. Alijua ni kitanda cha nani. Alijaribu kulia, machozi hayakuja. Kilichokuja ni baridi, akatetemeka mpaka Mwalimu Gladness alipomfunika kitenge chake na kumkalia pembeni palepale kwenye matope, mwili wake mnene ukimwegemea.

"Mwajabu amekunywa uji," mwalimu alisema. "Nimetoka kumwona sasa hivi. Anakunywa uji."

Mzee Batholomeo alifika alasiri, kabla ya Jumatatu yake. Alikuwa amekodi gari, na viatu vyake vya ofisini vilikuwa vimeliwa na udongo mwekundu. Hakuwa ameambiwa na mtu. Alisema hakupata usingizi tangu Alhamisi, basi. Joha alimpeleka mlangoni, naye alisimama akiitazama ile kenchi iliyolala juu ya miti, akalitazama tundu la paa na mbingu iliyokuwa inaonekana ndani yake.

Mzee Eliakimu alikuja akiegemea fimbo. "Wewe ndiye mwenye ofisi?"

"Ndimi."

"Binti anasema kosa ni lake."

Joha alisubiri. Ingekuwa rahisi kwa bosi wake kukubali, na isingekuwa uongo. Mzee Batholomeo aliipangusa miwani kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Alichora," alisema. "Niliyesaini ni mimi. Niliuliza swali moja, nikapewa jibu lililonipendeza, nikaweka kalamu. Paa tutalirudishia sisi, na matibabu ya fundi ni yetu." Akaigeukia tena ile kenchi. "Na mhandisi akilikagua bila kuridhika, tutalibomoa lote."

Mzee Eliakimu akaenda kumwona Nikodemo, aliyekuwa anapakiwa kwenye pikapu iliyotafutwa tangu asubuhi ili apelekwe hospitali.

Walibaki wawili mlangoni. Mzee Batholomeo ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini, bila kumgeukia.

"Joha. Lile kanisa la Chamwino. Na zahanati, na ule ukumbi wa soko. Nazo ulizipiga kwenye mashine ile."

"Ndiyo, mzee."

"Kuna yoyote iliyobadilishwa baadaye?"

Joha alifungua mdomo ajibu, na jibu la haraka, lile la zamani, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akalizuia. Kesho yake ilikuwa Jumapili, watu wangejaa kanisani.

"Sijui," alisema. "Twende tukaangalie."

Mzee alikuwa ameshatoa funguo za gari mfukoni. Mvua ilianza tena walipokuwa wanavuka uwanja, nao wakaharakisha, yule kijana na yule mzee, bila kukimbia.